Homa Iliyovaa Jina la Hewa

Basi linalotoka Moshi kwenda Arusha likifika Kwa Sadala, abiria wa Masama hushuka na kutafuta gari la kupanda mlima. Hapo ni sokoni. Mikungu ya ndizi imelazwa chini, wachuuzi wanaitana, na joto ni la tambarare. Gari likianza kukwea, mambo hubadilika upesi. Mahindi yanaisha, migomba inaanza, kahawa inajitokeza chini ya kivuli chake, na maji ya mfereji husikika kabla hayajaonekana. Atakayevuka barabara na kushika njia ya upande wa pili atashuka hadi Rundugai, kwenye chemchemi na mashamba ya umwagiliaji, ambako usiku wa Februari shuka huwa mzigo. Huko nako ni Masama. Kata yenyewe inaitwa Masama Rundugai. Jina moja limeshika baridi ya juu na joto la chini.

Kuna neno jingine lililoshika juu na chini vilevile. Mtu akiamka viungo vinauma, kichwa kizito, baridi inamtambaa mgongoni na jua limekwisha kuchomoza, mara nyingi hasemi ana homa. Husema, "Nina malaria." Jirani akimuuliza kama amepima, hujibu kwamba yeye anaijua malaria yake. Akipima na kukutwa nayo, habari itasambaa kwa idadi: amekutwa na wadudu watatu, au watano. Akianza kuweweseka, watu watasema malaria imempanda kichwani. Neno limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayejiuliza limetoka wapi, wala lilikuwa na maana gani kabla ya kufika Kilimanjaro.

Lilikuwa na maana ya hewa. Na safari yake, kutoka kwenye vinamasi vya Italia hadi kwenye vitanda vya hospitali za Moshi, ni safari ya neno lililokosea mara mbili: kwanza lilipomshitaki asiyehusika, kisha lilipojitwalia homa zisizokuwa zake.

Hewa mbaya

Kwa Kiitaliano, mala ni mbaya na aria ni hewa. Mwaka 1740 mwandishi Mwingereza Horace Walpole, akiwa matembezini Italia, alieleza katika barua kwamba Roma hutembelewa kila kiangazi na kitu cha kutisha kiitwacho mal'aria, nacho huua watu. Hakuwa akiutaja ugonjwa. Alikuwa akiitaja hewa yenyewe, ule mvuke ulioaminiwa kupanda kutoka kwenye vinamasi vya nje ya mji na kuingia majumbani usiku.

Warumi wa kale waliiogopa homa hiyo hiyo kiasi cha kuijengea hekalu. Mungu wao wa kike wa homa aliitwa Febris, na hekalu lake lilikuwa juu ya kilima cha Palatino. Karne nyingi baadaye, wenye uwezo walikuwa bado wakikimbilia vilimani kiangazi kilipoingia. Waliobaki walifunga madirisha jua lilipotua, ili hewa mbaya isipite. Hoja yao haikuwa sahihi, ila dirisha lililofungwa liliwasaidia kweli, kwa kuwa lilimzuia mgeni ambaye hawakumdhania.

Kumjua mgeni huyo kulichukua muda. Tarehe 6 Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, aliona kwa darubini vimelea vikichezacheza ndani ya damu ya mgonjwa. Tarehe 20 Agosti 1897, Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyekuwa Secunderabad, India, alivikuta vimelea hivyo katika tumbo la mbu aliyemnyonya mgonjwa. Mwaka uliofuata, Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia walithibitisha kwamba wanaomwambukiza binadamu ni mbu wa jamii ya Anofelesi, wale wanaotua wakiwa wameinua makalio.

Hewa iliondolewa hatia, lakini jina lilibaki. Wafaransa nao hawakufanya vyema zaidi: paludisme yao imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinamasi. Mmoja alitaja hewa, mwingine alitaja maji, na mbu hakutajwa na yeyote.

Yeyote wa Ulaya, yaani.

Waliomtaja mbu

Mwaka 1897 na 1898, Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kuwa maarufu kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, alikuwa katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki akichunguza magonjwa ya watu na ya mifugo. Alifika hadi milima ya Usambara, inayofikiwa kutoka Kilimanjaro kwa kufuata safu za Upare. Huko wenyeji walimweleza jambo alilolinukuu katika taarifa zake. Walisema hawaumwi homa hiyo wakiwa mlimani. Huipata wakishuka tambarare. Na huko tambarare huumwa na wadudu waitwao mbu. Homa wanayorudi nayo waliiita kwa jina hilo hilo: mbu.

Jambo hili linastahili kusomwa mara mbili. Katika miaka ile ile ambayo Ross alikuwa akipasua mbu kwa sindano chini ya darubini huko India, watu wa mlimani walikuwa wamekwisha kuunganisha mahali, mdudu na ugonjwa, wakavipa vitatu hivyo neno moja. Hawakuwa na darubini. Walikuwa na uzoefu wa kupanda na kushuka, na kumbukumbu ya nani alilala wapi kabla ya kuugua.

Nao hawakuwa peke yao. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyekuja kutafuta chanzo cha mto Nile, alichapisha mwaka 1856 kitabu kuhusu safari yake katika nchi ya Wasomali. Ndani yake alitaja kwamba Wasomali huamini kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Burton aliichukulia imani hiyo kuwa ushirikina, akaeleza kwamba huenda imetokana na mbu na homa kuzidi kwa wakati mmoja. Alikuwa ameshika jibu mkononi, akaliweka chini. Sayansi ilihitaji miaka 40 na ushei kulirudia.

Kiswahili cha pwani kilitumia homa. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, humma, na lina unyenyekevu wake: linataja mwili unaochemka, halidai kujua kilichouchemsha. Homa yaweza kuwa ya mafua, ya jeraha, ya tumbo, ya vipindi. Mzungumzaji akitaka kuwa mahsusi huongeza neno la pili. Asipojua, huacha homa isimame peke yake, na kusimama kwake peke yake ni namna ya kukiri kwamba bado kuna la kutafutwa.

Mlima unavyoilinda nyumba

Waliyosema watu wa Usambara yanaeleweka vizuri leo. Kimelea cha malaria hakimalizi kukua ndani ya mbu kama hakuna joto. Halijoto ikishuka hadi kati ya nyuzi 16 na 18, ukuaji hudorora au husimama, na mbu hufa kabla kimelea hakijawa tayari kuambukiza. Watafiti waliowakamata mbu katika milima hiyo ya Usambara walipima jambo hili kwa kulinganisha vijiji. Kutoka mita 300 juu ya usawa wa bahari hadi mita 1,700, idadi ya mara mtu anazoumwa na mbu mwenye vimelea kwa mwaka ilipungua zaidi ya mara 1,000.

Kilimanjaro hufuata kanuni hiyo hiyo. Wachagga walijenga kwenye ukanda wa migomba, wakaishi kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na wengi wakawa na shamba la pili huko chini tambarare, la mahindi na maharage. Kazi ilikuwa ya kushuka asubuhi na kupanda jioni. Anofelesi huuma usiku, hasa watu wanapokuwa wamelala. Aliyelima chini na kulala juu alimkwepa bila kumwona. Aliyelazimika kulala shambani msimu wa kulinda mazao ndiye aliyerudi anatetemeka.

Tambarare yenyewe ina mafunzo yake. Kusini mwa mji wa Moshi, kuanzia Mabogini hadi Chekereni, mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na mpunga ukasimama ndani ya maji kama vioo vilivyopangwa. Maji yaliyotulia ni kitalu cha mbu, hivyo kila mwenye akili timamu angetarajia malaria ipande. Watafiti walilinganisha kijiji cha mpunga, kijiji cha miwa na kijiji cha mahindi katika eneo hilo. Kijiji cha mpunga kilikuwa na mbu wengi zaidi, lakini watoto wake walikuwa na malaria kidogo kuliko wale wa kijiji cha mahindi. Maelezo yanayotolewa ni ya kawaida kabisa: mpunga ulileta fedha, fedha zikanunua vyandarua na dawa, na mbu wa huko, Anofelesi arabiensi, hapuuzi damu ya ng'ombe anapompata karibu.

Matokeo ya baridi ya mlima, vyandarua na dawa yanaonekana kwenye hesabu za taifa. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta kwamba asilimia 7 na ushei ya watoto wa Tanzania Bara walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea. Mkoani Kigoma walikuwa asilimia 24. Mkoani Kilimanjaro hawakufika asilimia 1.

Basi hapa ndipo swali linapokaza. Ikiwa mbu mwenye vimelea hapandi hadi juu, kwa nini neno limepanda?

Neno lilivyopanda

Lilipanda kwa njia nyingi, na nyingi zilikuwa za nia njema. Lilifundishwa shuleni. Lilisikika redioni. Lilibandikwa kwenye kuta za zahanati pamoja na picha ya mbu mkubwa kuliko mtoto. Kampeni ya Malaria Haikubaliki ililipeleka hadi kwenye matamasha ya muziki. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na kila chandarua kilichoshuka kutoka kwenye lori kilikuja na neno lake. Lenyewe hilo chandarua lilikuwa na maana ya kitambaa kinachotandazwa juu kama dari au kivuli. Mapambano dhidi ya mbu yakalibana hadi likawa la kitandani.

Dawa nazo zilibeba neno. Kwinini, iliyotengwa na wanakemia wa Ufaransa kutoka gome la mti wa Amerika Kusini mwaka 1820, wengi wanaikumbuka kama dripu iliyofanya masikio yavume. Klorokwini ilikuwa rahisi, ikauzwa hadi madukani, na mtu aliyewashwa mwili mzima baada ya kuimeza alijua ameinywa dawa ya malaria. Vimelea vilipoizoea, Tanzania iliiacha mwaka 2001 na kuchukua dawa iitwayo SP. Mwishoni mwa 2006 ikageukia dawa yenye viambato viwili. Ikajulikana kama mseto, jina ambalo pia ni la chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja.

Miongozo ya tiba ya miaka ya tisini iliongeza nguvu. Mahali penye malaria, mtoto mdogo akiletwa na homa, mhudumu alielekezwa amtibu malaria hata kama hakuna maabara. Sababu ilikuwa ya kibinadamu: malaria kali huua mtoto kwa saa chache, na kumpa dawa asiyeihitaji kulionekana ni kosa dogo kuliko kumnyima anayeihitaji. Kanuni hiyo iliokoa watoto wengi. Pia ilifundisha kizazi kizima cha wahudumu na wazazi kwamba homa na malaria ni kitu kimoja.

Pwani, neno lilikutana na shida ya namna nyingine. Miaka ya tisini, watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo waliwauliza watu wanavyoziita homa zao. Waligundua kwamba homa ya malaria, maneno yaliyotumiwa kwenye mabango ya afya, yalieleweka kuwa homa ya kawaida, isiyotisha, inayotibika kwa vidonge. Mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho alikuwa na kitu kingine kabisa: degedege. Jina hilo linahusishwa na ndege, na ndege huyo aliaminiwa kuwa pepo. Degedege ilikuwa ya mganga kwanza. Palikuwa na dawa za kufukiza, hata moshi wa kinyesi cha tembo, na palikuwa na hofu kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa daktari, mitukutiko ile mara nyingi ilikuwa malaria iliyofika ubongoni. Kwa mama, malaria na degedege hazikujuana.

Bango lilisema kweli, na mama alilisoma vizuri. Kilichokosekana ni kufahamu kwamba kwake neno malaria lilikuwa jembamba, haliifikii hali inayoua. Huko Kilimanjaro, neno hilo hilo lilikuwa pana mno.

Hospitali kumi, kisha mbili

Upana huo ulipimwa. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti walifuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Damu ya kila mmoja ilichunguzwa upya kwa uangalifu. Wenye vimelea walikuwa 2,062, yaani asilimia 46. Zaidi ya nusu hawakuwa na malaria.

Takwimu inayouma zaidi ilikuwa ya vifo. Kati ya waliokuwa na malaria kweli, walikufa karibu 7 katika kila 100. Kati ya wasiokuwa nayo, walikufa 12. Aliyeitwa mwenye malaria bila kuwa nayo alikuwa katika hatari kubwa kuliko mwenyewe hasa. Malaria ilikuwa na dawa yake na wote waliipata. Ugonjwa usio na jina haukuwa na dawa iliyouandama.

Miaka michache baadaye swali likaletwa Moshi penyewe. Mji una hospitali kubwa mbili: ya mkoa, iitwayo Mawenzi kwa jina la kilele cha pili cha mlima, na ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa Machi 1971. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, timu ya watafiti iliwaandikisha wagonjwa 870 waliolazwa humo kwa homa. Zaidi ya nusu walikuwa watoto. Damu, na mara nyingine mkojo, vilipelekwa maabara na kutafutiwa kila kilichoweza kutafutwa.

Madaktari wa zamu walikuwa wameandika malaria kwenye majalada ya wagonjwa 528, asilimia 61. Waliokuwa na malaria ni 14.

Kumi na wanne, kati ya mia nane na sabini.

Si haki kuwalaumu waliokuwa zamu. Walikuwa na mgonjwa anayechemka mbele yao, foleni nyuma yake, na neno moja lililokuwa tayari. Kosa hilo lilikuwa limeandaliwa kwa miaka mingi na watu wengi, wengi wao wakiwa na nia ya kuokoa maisha.

Homa zilizokuwa nyuma ya pazia

Nini, basi, kilichokuwa kikiwachemsha? Baadhi walikuwa na bakteria ndani ya damu. Wengine walikuwa na fangasi, hasa waliokuwa wamedhoofishwa na Virusi vya Ukimwi. Lakini kundi lililowashangaza wengi lilitoka bandani. Kati ya wagonjwa 453 waliopimwa kikamilifu kwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, 118 walikuwa nayo: zaidi ya mmoja katika kila wanne. Arobaini walikuwa na leptospirosi. Thelathini na sita walikuwa na homa za madoadoa zinazoletwa na kupe. Ishirini na wanne walikuwa na homa ya Q. Kumi na sita walikuwa na brusela.

Yeyote anayeijua nyumba ya Kichagga ataelewa jinsi hili linavyowezekana. Kihambani hakuna malisho ya kuchungia. Ng'ombe hufungwa bandani, hukatiwa majani na kuletewa migomba, na samadi yake hurudi kwenye migomba hiyo hiyo. Mbuzi yupo jirani, panya wapo darini, na mtu huvishika vyote kwa mikono yake kila siku. Ni mpango wa kilimo uliolisha mlima kwa karne nyingi. Ndio pia unaomweka mfugaji karibu na mkojo, maziwa mabichi na maji ya uzazi wa mnyama, vitu ambavyo bakteria hawa husafiri ndani yake.

Majina ya homa hizi yana hadithi zake, na hadithi hizo zinafaa kusimuliwa pamoja na ya malaria. Homa ya Q ilipewa herufi hiyo na Edward Derrick, daktari wa Brisbane, Australia, katika miaka ya thelathini, baada ya kuwaona wafanyakazi wa machinjioni wakiugua asijue kinachowaumiza. Q ni herufi inayoanzisha neno la Kiingereza la kuuliza. Jina lilikuwa swali lililoandikwa kwenye jalada, likisubiri jibu. Jibu lilipopatikana, herufi ilikwisha kuzoeleka. Leptospirosi haikuwa na jina mdomoni mwa Watanzania wengi hadi Julai 2022, watu wa Ruangwa mkoani Lindi walipougua na kutokwa damu puani, na Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda. Mgunda, katika lugha kadhaa za mashariki na kusini mwa nchi, ni shamba. Jina hilo linamwelekeza msikilizaji mahali pa kuangalia, kama neno mbu lilivyowaelekeza watu wa Usambara.

Kati ya wagonjwa 700 wa Moshi waliopimwa virusi vinavyoenezwa na mbu, 55 walikutwa na chikungunya. Hilo ni neno la Kimakonde. Mlipuko wa kwanza kuelezwa kitabibu ulianza mwaka 1952 kwenye Uwanda wa Makonde, Newala na majirani zake, na madaktari waliouandika walilichukua neno la wagonjwa wenyewe: kile kinachomkunja mtu. Aliyeugua hatalisahau, maana viungo huuma hadi mgongo unapinda. Hilo nalo ni jina lililotoka kwa waliouona ugonjwa kwa macho yao, na dunia nzima imelikubali.

Ila hata majina yaliyotoka kwa wenyewe huweza kuhama. Mwaka 1872 James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika juu ya mlipuko wa homa iliyoitwa huko kidinga pepo. Baadaye alipendekeza kwamba dengue, jina lililoanza kutumika visiwa vya Karibi mwaka 1827 na 1828, lilitokana na maneno hayo ya Kiswahili. Hoja yake imejadiliwa tangu hapo, na leo Watanzania huiita dengue kidingapopo. Lakini mwaka 1971 mtafiti mwingine, Donald Carey, alizisoma upya dalili zilizoandikwa na Christie na wenzake, hasa maumivu ya viungo yaliyodumu muda mrefu. Alihitimisha kwamba ugonjwa wa Zanzibar yamkini haukuwa dengue. Ulifanana zaidi na chikungunya. Ikiwa wote wawili hawakukosea, jina lilisafiri likaenda kumvaa mwingine, na mwenye jina akabaki bila kutambuliwa hadi Wamakonde walipompa jina jipya.

Moshi ya 2007 iliirudia hadithi hiyo. Chikungunya, ya Newala, ililala kitandani chini ya kadi iliyoandikwa malaria, ya Roma.

Mstari mmoja

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na Tanzania ikaendelea kusambaza kipimo cha haraka hadi zahanati za vijijini. Ni kijiti cha plastiki. Kidole hutobolewa, tone la damu huwekwa, matone ya dawa huongezwa, na baada ya dakika kama 15 mistari husomwa. Miwili ni malaria. Mmoja ni hapana.

Kipimo kilifanya kazi yake, lakini kilileta ugumu mpya. Kwa miaka mingi mhudumu alikuwa na jibu. Sasa alikuwa na hapana tu, na mgonjwa hakutembea kilomita kadhaa kuja kuchukua hapana. Pengo lilihitaji kujazwa, na mara nyingi limejazwa kwa maneno mengine yaliyo tayari: basi ni taifodi, basi ni UTI. Viuavijasumu vikatolewa kwa wingi, hata kwa homa za virusi ambazo haviwezi kuzigusa. Kipimo cha Widal kinachotumiwa sana kutafuta taifodi hukosea mara nyingi, na mtu mzima anaweza kubeba jina la taifodi kama baba yake alivyobeba jina la malaria.

Njia ya kutoka humo inaanza na maswali ya kale. Katika zahanati ya mlimani, mzee anaingia amejifunika koti zito, na kijana aliyevaa koti jeupe anasimama kumsalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Malaria imenikamata. Nimekuja kuchukua mseto."

"Pole sana, baba. Tupime kwanza."

Mstari unatokea mmoja. Mzee anauangalia, kisha anamwangalia kijana.

"Malaria hakuna, baba."

"Na hii homa je?"

"Homa ipo. Nyuzi 39. Wiki mbili hizi umelala wapi?"

"Nyumbani. Nilishuka Rundugai siku moja tu kuangalia mahindi, nikarudi jioni."

"Na nyumbani, mnafuga?"

"Ng'ombe wawili. Mmoja alitupa mimba, ni kama wiki ya tatu sasa. Nilimsaidia mwenyewe, usiku ule wa mvua."

"Kwa mikono mitupu?"

Mzee anaitoa mikono yake ndani ya koti na kuitazama pande zote mbili. Kijana anarudi kwenye kadi, penye neno alilokwisha kuliandika: homa. Mbele yake anaongeza, kwa herufi ndogo, ng'ombe ametupa mimba, kisha anachukua sindano na kichupa cha damu cha kupeleka maabara ya wilaya.